Risasi ya mbali na risasi ya karibu: swali tunaliuliza vibaya

Kamwene wakuu. Kila vibali vya kuwinda vikikaribia, huku kwetu kuanzia Iringa mjini mpaka Chunya ubishi ni uleule. Mmoja anasema .308 haifai, inaishia mita mia mbili, mwingine anakwambia bila .375 usikanyage porini, wa tatu ana magnamu (risasi yenye ganda kubwa na baruti nyingi) na anaapa anamlaza pofu kwenye mita mia tano, halafu kuna yule ambaye hajawahi kushika hata gobore ila ndiye anayejua kuliko wote. Na swali linalobishaniwa ni hili: hii risasi inafika mita ngapi?

Kufika inafika. Risasi ya .30-06 ukiinyanyua kidogo tu inaenda kutua zaidi ya kilomita 3 huko mbele na ina uwezo wa kuua mtu anayepalilia mahindi yake, kwahiyo umbali wa kufika siyo hoja kabisa. Cha kuuliza ni kwamba ikimfikia mnyama itakuwa imebakiwa na kasi gani, na kichwa chake kimetengenezwa kifanye kazi kwenye kasi ipi. Ukishika hilo ubishi mwingi unakufa wenyewe.

Naongea na wenye leseni ya silaha na kibali cha mnyama mkononi, kwenye maeneo yanayoruhusiwa. Ndani ya hifadhi ya taifa, iwe Ruaha au Kitulo, hakuna cha risasi ya karibu wala ya mbali, huwindi basi.

Majina kwanza

Tunachonunua dukani tukakiita risasi ni vitu vinne vimekaa pamoja. Kuna ganda, lile la rangi ya njano linaloruka pembeni ukivuta bolti. Ndani ya ganda kuna baruti. Kitakoni mwa ganda kuna fataki, ndiyo inayogongwa na pini ikawasha baruti. Na mbele kabisa kuna kichwa, na hicho kichwa peke yake ndicho kinachotoka mtutuni kwenda kwa mnyama. Makala hii inahusu kichwa.

Kaliba ni unene wa kichwa, basi, siyo nguvu wala umbali. Ukisikia .308 ni sehemu 308 za elfu moja za inchi, kama milimita 7.8. Sasa hapa ndipo watu wanaposhtuka: .308 Winchester, .30-06 na .300 Winchester Magnum zote tatu zinatumia kichwa cha unene uleule. Wale jamaa wanaobishana mpaka chai inapoa wanarusha kichwa kilekile, tofauti ni ganda na baruti inayokisukuma. (Na kwa sababu maganda ni tofauti usije ukathubutu kuingiza risasi ya mwenzako kwenye bunduki yako eti kichwa ni kilekile, utapoteza jicho.) Ile 06 ni mwaka tu, 1906, ndipo jeshi la Marekani lilipoianza.

Uzito wa kichwa unaandikwa kwenye boksi kwa greni. Greni 15.4 ndiyo gramu moja. Kwahiyo kichwa cha greni 180, ambacho ni cha kawaida sana kwenye .30-06, ni kama gramu 11.7, na kile cha greni 300 cha .375 ni gramu 19 na ushee.

Halafu kasi. .308 yenye kichwa cha greni 150 inatoka mtutuni kwenye mita 860 kwa sekunde hivi, .30-06 ya greni 180 kama mita 820, .300 magnamu ya greni 180 inakaribia 900, na .375 H&H ya greni 300 kama 770. Umeona hiyo ya mwisho? Mkubwa wa wote ndiye wa polepole. .375 ilitoka 1912 na mpaka leo inaheshimika Afrika nzima, na haikutengenezwa kwa ajili ya mbali, ilitengenezwa kwa ajili ya uzito na kupenya. Kwahiyo anayekwambia nunua kaliba kubwa upige mbali amechanganya mafaili.

Kwanini vichwa vina jaketi

Hapa narudi nyuma kidogo maana bila historia hii neno sofu (kichwa chenye ncha laini inayochanua) na neno solidi (kichwa kigumu kisichochanua) yanabaki kuwa majina tu.

Zamani kichwa kilikuwa madini ya risasi tupu, ile laini inayowekwa kwenye betri za gari. Askari wa Kijerumani waliopigwa na jeshi la Mkwawa pale Lugalo mwaka 1891 walikuwa na bunduki za Mauser za aina ya zamani, milimita 11, baruti nyeusi yenye moshi mwingi, kichwa kinene cha risasi kinachotoka kwenye mita mia nne na kitu kwa sekunde. Kwa kasi ile madini laini yanatosha. Lakini tayari 1886 Wafaransa walishaleta baruti isiyo na moshi kwenye bunduki yao ya Lebel, kasi ikapanda sana, na risasi tupu ikaanza kujipaka ndani ya mtutu ikaziba ile mistari inayoizungusha. Dawa ikawa kukivalisha kichwa jaketi la shaba au chuma chembamba.

Jaketi zima likatatua shida ya mtutu likaleta nyingine: kichwa kikawa kigumu, kinampitia mtu kikiacha tundu dogo. Waingereza kwenye kiwanda chao cha Dum Dum, jirani na Calcutta, wakaanza kuacha ncha wazi bila jaketi ili risasi laini ichanue ikigonga. Mwaka 1899 kule Hague mataifa yakaweka tamko la kukataza risasi zinazochanua kutumika vitani.

Ndiyo hapo unapotoka ule uvumi kwamba "sofu zimepigwa marufuku kimataifa". Vitani, ndiyo. Kwenye uwindaji ni kinyume kabisa, risasi inayochanua ndiyo ya kiungwana kwa sababu mnyama anakufa haraka. Ile ya kijeshi yenye jaketi zima, wengi wanaiita fulu jaketi, ukimpiga nayo swala pala inapita upande wa pili kama imechelewa safari, mnyama anakimbia na tundu la penseli mbavuni, anafia kichakani kilomita mbili mbele ukiwa umeshapoteza alama za damu yake. Watu wanaona imetoboa wanasema kali hiyo. Kutoboa na kuua ni vitu viwili.

Kasi ya kufikia

Chukua nyanya mbivu ya Ilula. Irushe ukutani taratibu, inagonga inadondoka nzima. Irushe kwa nguvu ya wastani, inabonyea na kupasuka. Ipige ukutani kwa nguvu zako zote, inatawanyika hapohapo juujuu, hakuna hata punje iliyoingia popote. Nyanya ni ileile, kilichobadilika ni kasi. Kichwa cha sofu kinafanya hivyohivyo kwa mnyama.

Kichwa cha sofu kina madini ya risasi yamechungulia nchani, nyuma yamevaa jaketi. Kikigonga kwa kasi inayokifaa ncha inabonyea, jaketi linajikunja nyuma, unene unakuwa kama mara mbili na kinaendelea kupenya huku kikichana njia pana kwenye mapafu na moyo. Hicho ndicho unachokitaka. Kikifika kimechoka, tuseme chini ya mita 500 kwa sekunde, sofu nyingi zinaanza kugoma kuchanua na zinakuwa kama fulu jaketi. Kikifika na kasi kubwa kupita kiasi na mbele kukawa na mfupa wa bega, kinasambaratika kabla hakijafika ndani, unakuta donda kubwa la kutisha kwenye nyama ya juu na mnyama yupo mzima anakuangalia.

Sasa unganisha na umbali. Kasi inakuwa kubwa zaidi mnyama akiwa karibu. Ile magnamu yako ya kupiga mbali, yenye kichwa chepesi laini, mnyama mkubwa akitokeza mita 40 mbele ya kichaka ndiyo inayoweza kukuangusha, kwa sababu kichwa kinafika kikiwa na kasi karibu yote ya mtutuni. Watu wengi wanafikiri karibu ni rahisi risasi yoyote inafanya. Hapana mkuu, karibu ndiko kichwa kinakoteseka zaidi.

Hii siyo nadharia tu. Mmarekani John Nosler alikuwa Canada mwaka 1946 anawinda mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu wa kule, mwenye matope yaliyokauka kwenye ngozi, bunduki yake ni .300 magnamu ya wakati ule, na vichwa vikawa vinapasukia juu ya ngozi bila kuingia. Akarudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, kipande cha mbele kinachanua, kipande cha nyuma kinabaki kizima kinasukuma. Ndiyo Nosler Partition, ikaanza kuuzwa 1948 na bado ipo madukani. Baadaye wengine wakaja na njia ya kuyagandisha madini ya risasi na jaketi yasiachane, hizi wanaziita bondedi, na 1989 kampuni ya Barnes ikaleta kichwa cha shaba tupu kisicho na risasi ndani, chenye tundu nchani linalofunguka kuwa vipande vinne vilivyopinda nyuma. Vyote hivyo vimezaliwa na shida ileile, kichwa kustahimili kasi ya karibu.

Shaba tupu ina faida nyingine, haiachi chembe za risasi kwenye nyama. Kichwa cha sofu cha kawaida kinamwaga vumbi la madini hayo kuzunguka donda, na madini ya risasi ni sumu, kwahiyo kata nyama ya pembeni mwa donda kwa ukarimu na usiwape mbwa wala usiiache porini tumbusi wale. Jimbo la California kule Marekani tangu Julai 2019 hairuhusiwi kuwinda na risasi zenye madini hayo. Ubaya wa shaba ni kwamba inataka kasi kubwa zaidi ndiyo ifunguke, nyingi zinahitaji mita 550 mpaka 600 kwa sekunde, kwahiyo mbali sana inagoma mapema kuliko sofu. Na kwa sababu shaba ni nyepesi kuliko risasi, kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu, ndiyo maana waliozoea greni 180 wanashuka mpaka 165 au 168 na hawapungukiwi kitu.

Kwahiyo ukitaka kwa ufupi: karibu na mnyama mkubwa unataka kichwa kigumu kinachoshikamana, mbali unataka kichwa chenye ncha kali kinachotunza kasi na kinachochanua hata kikiwa kimepoa. Vile vyenye ncha ya plastiki ni vya kundi hili la pili, plastiki inasaidia kukata hewa na ikigonga inasukumwa ndani kuanzisha kuchanua. Mviringo wa nyuma uliochongwa kuelekea kitakoni nao ni wa mbali, chini ya mita 250 hutauona unafanya nini. Na kile kichwa butu cha mviringo kinapoteza kasi haraka, ni cha karibu.

Risasi haipandi

Kuna imani kwamba risasi inaenda moja kwa moja mpaka ikichoka ndiyo inaanza kushuka. Haipo hiyo. Inaanza kuanguka sekunde ileile inapotoka mtutuni, sawasawa na jiwe ulilodondosha mkononi, ila inawahi kufika kabla haijaanguka sana. Kinachofanya ionekane kama inapanda ni kwamba darubini imekaa juu ya mtutu na mtutu umeelekezwa juu kidogo, kwahiyo njia ya risasi inakata mstari wa macho mara mbili, mara ya kwanza karibu ikielekea juu, mara ya pili mbali ikishuka. Ile mara ya pili ndiyo tunaita ziro.

Chukua .30-06 ya greni 180 yenye ncha, iseti ziro mita 200. Mita 100 itapiga juu kama sentimeta 5 au 6. Mita 300 itakuwa chini sentimeta 25 hivi. Mita 400 chini zaidi ya nusu mita, inaelekea sentimeta 70 na kitu. Sasa eneo la moyo na mapafu ya swala pala ukilitazama ubavuni ni kama sahani, sentimeta 15 hivi, kwa tandala mkubwa labda 25. Maana yake kuanzia mguuni kwako mpaka mita 220 au 230 unalenga katikati ya sahani bila hesabu yoyote na unapata, ukivuka hapo umeingia kwenye kukisia, na porini mtu anayekisia mita 300 inaweza kuwa 260 au inaweza kuwa 350, na hiyo tofauti peke yake inakupeleka tumboni au juu ya mgongo. Kifaa cha kupimia umbali kwa mwanga kina faida kuliko magnamu, mi ndiyo msimamo wangu.

Upepo ndiyo mbaya zaidi kwa sababu hauonekani kwenye boksi. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa, ambao kwa mtu wa Makambako hata siyo upepo, unasogeza hicho kichwa kama sentimeta 2 kwenye mita 100, na kwenye mita 300 unakisogeza kama 17. Umeona haiongezeki mara tatu, inaongezeka zaidi ya mara nane, kwa sababu kichwa kinavyopungua kasi ndivyo upepo unavyopata muda wa kukisukuma.

Halafu milima yetu. Ukipiga kutoka juu kwenda chini au chini kwenda juu, risasi inapiga juu ya ulipotarajia, kote kuwili, siyo juu kwa chini na chini kwa juu kama wanavyosema vijiweni. Sababu ni kwamba mvutano wa dunia unafanya kazi kwenye umbali wa usawa wa ardhi, siyo umbali wa mteremko. Mteremko wa nyuzi 30, mnyama mita 250 kwa kifaa, risasi inajiona imesafiri mita 217 tu. Lenga kama wa 217.

Na urefu kutoka usawa wa bahari? Iringa na Mbeya hewa ni nyepesi, Iringa ni pungufu kama asilimia 15 ukilinganisha na Dar, na kwenye hewa nyepesi risasi inapoteza kasi polepole zaidi. Kinadharia ni kweli, kwenye mita 200 tofauti haifiki sentimeta moja. Wacha ibaki kwa wapiga shabaha wa mita elfu.

Huku kwetu mita ngapi hasa?

Hili ndilo ningetamani watu walifikirie kabla ya kutoa hela. Miombo ya Chunya na ya kuelekea Rungwa, miti imesimama kila mahali, majani yakianza kutoka huoni mita 120 mbele. Wanyama wengi wanapigwa kati ya mita 50 na 150. Ukipata mbuga iliyo wazi, kama zile za bonde la Rukwa, ndiyo unaweza kukuta kongoni au tohe kasimama mita 250 na huna pa kujificha. Kwahiyo mtu wa huku anayenunua kichwa cha mita 500 ananunua kitu cha nchi ya wengine, cha Namibia huko au milima ya Marekani.

Kwa wanyama wa kati, swala pala, ngiri, pongo, tohe, .308 au .30-06 yenye sofu ya kawaida ya greni 150 mpaka 180 inamaliza kazi yote ya misitu yetu. Kasi zao siyo za kupasua kichwa, hata ukimkuta mita 40. Wale wa .243 wako sawa kwa swala, ila ngiri dume aliyegeuka bega mbele achague kichwa kigumu. .223 kichwa chake cha greni 55 kinatoka karibu mita 990 kwa sekunde, na ni gramu tatu na nusu tu, hicho ni cha mbweha. Kukipeleka kwa tandala ni kumtesa.

Pofu, korongo (mnyama, siyo ndege), tandala mkubwa, hapa uzito wa mwili unabadilisha mambo. Pofu dume anafika kilo 900 na bega lake ni ukuta. .30-06 inamuweza, ila siyo na sofu ya bei chee ya greni 150, weka bondedi au shaba au Partition ya 180, na ukae ndani ya mita 150. Magnamu .300 ukiwa nayo ndiyo inadai zaidi kichwa kigumu, kwa ile sababu ya nyanya.

Nyati ni habari nyingine. Tanzania kaliba ya chini kwake ni .375 na hiyo siyo urasimu tu. Nyati unampiga karibu, mita 30 mpaka 80, na wengi wanatanguliza sofu ngumu ya greni 300 halafu zinazofuata kwenye magazini ni solidi. Solidi haichanui hata kidogo, kazi yake ni kupita kwenye mfupa na kwenda mbali ndani, hasa akishageuka kukimbia na umebakiwa na upande wa nyuma. Kwanini isiwe solidi toka ya kwanza? Kwa sababu akiwa kwenye kundi inampita yeye inamwingia wa nyuma yake, na hapo una nyati wawili waliojeruhiwa na kibali cha mmoja.

Watu wanapenda kumtaja Bell, yule Mskoti aliyeua tembo wengi kwa Mauser ndogo ya milimita 7. Ni kweli alifanya, kwa solidi za greni 173, na alikuwa anajua ubongo wa tembo ulipo kutoka kila upande. Ukiujua hivyo hii makala haikuhusu.

Mawili ya vijiweni

La kwanza, kwamba risasi kubwa inamrusha mnyama. Piga hesabu: kichwa cha gramu 11.7 kwa mita 823 kwa sekunde, kikibaki chote ndani ya swala pala wa kilo 60, kinampa mwendo wa sentimeta 16 kwa sekunde, mtoto akimsukuma anamsogeza zaidi. Na kama kingekuwa na nguvu ya kumrusha pofu basi wewe mwenye kitako begani ungerushwa kwanza, maana msukumo unaenda pande zote mbili. Mnyama anadondoka papo hapo ikiguswa mishipa ya fahamu, uti wa mgongo au ubongo. Akipigwa mapafu vizuri atakimbia mita hamsini au mia, hiyo ni kawaida kabisa, usianze kulaumu kaliba.

La pili, kwamba kichwa kizito butu kinapita vichakani bila kuyumba. Vichwa vyote vinayumba vikigonga kijiti, vizito na vyepesi, vya ncha na butu, na kijiti kikiwa mbali na mnyama ndiyo upotofu unakua mkubwa zaidi. Hakuna kichwa cha kupenya kichaka. Subiri atoke, au zunguka.

Ukienda dukani

Leseni yako imeandikwa kaliba, kwahiyo huna uchaguzi hapo, uchaguzi wako ni boksi. Geuza boksi usome uzito wa kichwa, aina ya kichwa na kasi. Muuzaji akikwambia "hii ni ya kuwindia" muulize ni sofu, ni bondedi, au ni fulu jaketi, na ukiona ncha nzima inang'aa shaba bila risasi kuchungulia, bila tundu na bila plastiki, hiyo ni ya kulengea shabaha au ni solidi. Usinunue kichwa kizito kuliko wanavyouza wengi kwa kaliba yako ukidhani umepata ofa, vichwa virefu sana vinataka mtutu wenye mzunguko wa haraka zaidi, usipokuwa nao kinatoka kinayumba na kinagonga ubavu.

Halafu nunua maboksi mawili au zaidi ya aina moja, uende sehemu halali ya kulengea shabaha, upige karatasi mita 50, mita 100, na kama eneo linaruhusu 200. Usipige ukiwa umelala na mifuko ya mchanga tu, piga pia umekaa, umesimama na fimbo tatu za kuegemezea bunduki, ukiwa unahema, kwa sababu ndivyo utakavyopiga porini. Chora sahani ya sentimeta 15. Umbali ambao risasi zako tano zote zinabaki ndani ya sahani ukiwa umesimama na fimbo, huo ndio umbali wako, iwe una .308 au una magnamu ya milioni kadhaa, na wengi wakifanya hivi kwa ukweli wanakuta ni mita 120 au 150 hivi. Risasi zilizobaki kwenye yale maboksi usizimalize kwa furaha, ziweke za porini, maana boksi jipya la jina lilelile linaweza likapiga sentimeta kadhaa pembeni na itabidi uanze ziro upya.